Kijana kamaliza digrii ya sheria ila anasema yeye bado sio wakili, anataka hela ya Law School Dar. Ni kweli au napigwa?

#1 Mzee wa Maparachichi
Wadau habari za jioni. Mimi niko Usa River, nina kashamba ka maparachichi na ng'ombe watatu wa maziwa. Walikuwa watano, wawili wameenda kwenye sheria.

Mwanangu wa pili kamaliza LLB mwaka jana. Tukachinja, tukaita ukoo wote mpaka mchungaji, mimi mwenyewe nikasimama nikasema kuanzia leo ukoo huu una wakili, anayesogeza mpaka wa shamba usiku ajiangalie. Watu wakapiga makofi. Yeye akainama tu anaangalia soda.

Sasa juzi kanikuta zizini ananiambia baba mimi sio wakili. Nikamuuliza sasa wewe ni nini? Akasema mimi ni mhitimu wa sheria. Anataka aende Dar mwaka mzima, ada, chumba, chakula, makaratasi, ndio awe wakili, na hapohapo ananiambia wengi huko wanafeli. Jirani yangu anasema huyo anataka kwenda kula maisha Sinza, mbona binti yake alimaliza ualimu akaomba kazi ya ualimu basi. Mwingine kaniambia bora asome masta kabisa awe juu yao wote. Naomba ukweli kutoka kwa wanaojua. Ng'ombe waliobaki ni watatu.

#2 chalii_wa_sakina
Mzee shikamoo. Hupigwi, ni kweli kabisa. Ila hilo la kuangalia soda limeniua aisee, dogo alikua anajua kila kitu

#3 Wakili Kijiweni
Mzee wangu kijana wako mkweli, tena ungemshukuru maana kuna wenzake wanakaa kimya wanaitwa wakili mtaani miaka na wanaitika.

Iko hivi. Sheria ya kuanzisha Law School ilipita 2007, masomo yakaanza 2008. Mtu akimaliza LLB popote pale anaenda kusoma mwaka mmoja, nusu ya kwanza darasani, nusu ya pili fildi mahakamani na kwenye ofisi za mawakili au za serikali, akifaulu anapewa stashahada ya uzamili ya sheria kwa vitendo. Baada ya hapo anapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, anaapishwa, anaingizwa kwenye daftari la mawakili na kupewa namba. Hapo ndio wakili. Kabla ya hapo hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu wala kugonga muhuri wa kiapo. Na sio uwakili wa kujitegemea tu, akitaka uhakimu mkazi au uwakili wa serikali wanataka hichohicho cheti.

#4 mama_wawili Njiro
Mi ningekua wewe baba ningefikiria mara mbili. Mnakumbuka yale matokeo ya 2022? Kati ya wanafunzi elfu moja na kitu walifaulu 26. Ishirini na sita jamani!! Unauza ng'ombe unapeleka wapi sasa

#5 Laigwanani mdogo
nakaa hapa nasoma, kahawa iko tayari

#6 kanuni_za_mezani
#4 rekebisha hapo. Hawakua elfu. Kundi la 33, matokeo yalitoka Oktoba 2022, walikua 633. Waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu (mitihani ya kurudia) 342, waliodisko yaani kuondolewa kabisa 265. Hao 342 hawakufeli moja kwa moja, walirudia mitihani, ila mitandaoni ikasambaa kwamba 607 wamefeli. Waziri Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk Mwakyembe ikachunguze. Hata hivyo 265 kudisko kwa mkupuo ni msiba, sikatai.

#7 mama_wawili Njiro
Haya 633. Bado 26 ni 26

#8 mwenda_kwa_boda
Tatizo ni kiingereza tu nyie mnazunguka. Mtoto kasoma shule ya kata Ngaramtoni, chuo kapita kwa madesa, Law School anaambiwa andika kila kitu mwenyewe kwa kiingereza cha kimahakama. Alafu siku akianza kazi mteja anaongea kiswahili, shahidi kiswahili, hakimu kiswahili. Na sheria ilishabadilishwa 2021 lugha ya mahakama ni kiswahili, sasa mnafundisha watu kuogelea kwa kutumia ngazi

#9 kanuni_za_mezani
Sheria Na. 1 ya 2021 ndiyo, ila imeacha mlango wa kutumia kiingereza pale haki inapohitaji. Na hukumu za nyuma karibu zote, ambazo ndio utazisoma maisha yako yote, ni za kiingereza. Huwezi ukakwepa.

#10 Binti Kiboriloni
Kiingereza? Mimi nilisoma na mtu ametoka intanashno, anaongea utafikiri BBC, alidisko. Na mwenzangu mwingine wa shule ya kata kule Rombo alipita bila sapu hata moja. Mimi mwenyewe nililamba sapu ya draftingi, somo la kuandaa nyaraka, nitawaambia kwa nini na mtacheka.

Niliambiwa niandae hati ya kiapo. Nikaiandika vizuri, aya zimepangana, kiingereza kimenyooka. Kule mwisho kuna sehemu inaitwa jurati, pale unapoonyesha huyu mtu kaapa mbele ya nani, wapi na lini. Nikaweka jina la anayeapa, nikaweka tarehe. Sikuandika WAPI. Neno moja tu, Moshi au Arusha au popote. Na swali la hati ya madai nikasahau kipengele cha uthibitisho pale chini, kwamba mdai anathibitisha yaliyo aya ya kwanza mpaka ya ngapi ni ya kweli kwa anavyojua. Chuoni miaka yote tuliulizwa "jadili", unajaza kurasa sita. Huku hakuna jadili. Huku ni andaa.

#11 chalii_wa_sakina
kwa hiyo dada ulifelishwa na neno Moshi?? 😂😂 na wewe ni mtu wa Moshi

#12 Binti Kiboriloni
Cheka tu. Nikiona jurati sahivi mkono unaandika mahali kabla ya jina langu

#13 Mzee wa Maparachichi
Nasoma wote, asanteni. Binti, hiyo karatasi bila jina la mji inaharibika nini? Si mnajua wote mko hapohapo?

#14 Wakili Kijiweni
Mzee inaharibika yote. Kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinasema anayeapisha lazima aandike mahali na tarehe. Mwenzako upande wa pili akiona pengo anasimama anasema mheshimiwa hati hii haina uhai, maombi yanatupwa nje na mteja wako kashalipa.

#15 mwenda_kwa_boda
Hiyo ilikua zamani. Siku hizi kuna oksijeni

#16 Mzee wa Maparachichi
Oksijeni ya hospitali?

#17 kanuni_za_mezani
Hahaha mzee. 2018 waliongeza vifungu kwenye sheria ya mwenendo wa kesi za madai kwamba mahakama iangalie haki ya msingi isibanwe sana na makosa ya kiufundi, mawakili wakaipa jina la oksijeni maana kila mwenye kesi inayokata roho anaikimbilia. Ila #15 usidanganye watu, mwaka huohuo 2018 Mahakama ya Rufani ikiwa hapahapa Arusha, kwenye kesi ya kijiji cha Mondorosi kule Loliondo, ilisema kanuni hiyo haitumiki kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima. Kwa hiyo mtungi upo ila sio kila mgonjwa anawekewa.

#18 Mangi wa Rau
Vijana mnapenda kulialia. Sisi tulioingia kabla ya 2008 hatukuwa na Law School. Ulikua unafanya intaniship kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, unazungushwa mahakamani, alafu unakwenda kukaa mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria unahojiwa. Mimi nilivaa suti ya kaka yangu mikono inanifika vidoleni. Jaji ananiuliza habari za mirathi nikaanza na historia ya sheria ya Kiingereza, akanikatiza akasema kijana, marehemu ameacha shamba Kibosho, wake wawili na hana wosia, ANZA. Nikaelewa siku ile kwamba digrii yangu ilikua bado haijaanza kazi.

Tatizo liko vyuoni. Vyuo vya sheria vimekua kama uyoga, darasa watu mia nne, mwalimu mmoja, mtu anamaliza hajawahi kuona faili la kesi kwa macho. Law School inabeba lawama za watu wengine.

#19 Binti Kiboriloni
Mzee Mangi heshima kwako, ila kundi lenu mlikua wachache na mlikua na mishahara ya serikali inawasubiri.

#20 Mangi wa Rau
Mishahara gani mwanangu, nililala kwa shangazi Keko mwaka mzima

#21 usiku_wa_manane
Mnapiga kelele lakini hakuna anayesema ukweli. Watu wanafelishwa ili mawakili wasiwe wengi. Kila taaluma iko hivyo. Ukishaingia ndani unafunga geti. Mawakili wakongwe wanajua mji wa Arusha ukiwa na mawakili elfu tano bei ya kuandika mkataba itakua ya kilo ya nyanya

#22 kanuni_za_mezani
Lete ushahidi mkuu, hiyo ni chai. Mkubwa wa Law School anapata faida gani ya bei za mikataba Arusha?

#23 usiku_wa_manane
Ushahidi ni 26

#24 Wakili Kijiweni
Hata Uganda wana LDC, ndio Law School yao, tangu 1970 na kelele za kufeli zipo, Kenya wana Kenya School of Law pale Karen na kelele zipo, tena Kenya lazima upitie na kukaa ofisini kwa wakili miezi 6. Nchi tatu zote wazee wakongwe wamekula njama?

#25 usiku_wa_manane
Ndio

#26 fundi_friji Kwa Mrombo
😂😂😂 huyu #25 hana mambo mengi

#27 nusu_mkate
Mi nitasema ambalo hamlitaji. Hela. Mimi nilisoma pale nikiwa naishi chumba kimoja na watu watatu, asubuhi darasani, jioni naenda kufanya kazi ya mtu ya kuchapa nyaraka kwenye duka la steshenari mpaka saa nne usiku ili nile. Kusoma naanza saa tano mwenzangu kalala miguu yake iko kwenye daftari langu. Kuna mwenzetu alikua anakuja darasani na gari, anarudi, anaoga, anasoma. Mtihani ni mmoja. Nikapita lakini kwa sapu mbili, na sio kwamba sikuelewa. Mzee wa maparachichi, ukiamua kumpeleka mpeleke mzima, usimpeleke nusu. Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa hii stashahada siku hizi, aombe mapema asisubiri tangazo limefungwa.

#28 Mzee wa Maparachichi
Hili la mkopo hakuniambia. Nitamuuliza leo.

#29 chalii_wa_sakina
dogo alitaka ng'ombe kwanza mkopo baadae 😂

#30 mama_wawili Njiro
Sasa kuhusu masta mbona hamjamjibu mzee. Si asome LLM amalizane nao? Na akipata chuo cha karibu, anatoka nyumbani anakula nyumbani. Pia Dar kuna School of Law si ndio hiyohiyo?

#31 kanuni_za_mezani
Sio hiyohiyo. School of Law ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale wanasoma LLB, LLM na PhD. Law School ni taasisi nyingine ya mafunzo ya vitendo. Watu wanachanganya kila mwaka, mpaka kuna wanaopeleka barua za maombi pasipo.

#32 Daktari asiye na sindano
Mimi ndiye mtu wa masta mnayemuongelea. Nilimaliza LLB nikaona Law School ni usumbufu, nikaenda LLM, nikajikita haki za binadamu, tasnifu kurasa 140. Nikarudi Moshi na shahada mbili, nikafundisha kipindi kwa kipindi mahali fulani, nalipwa kwa saa. Siku moja mama yangu mdogo akaja na barua ya Baraza la Ardhi, akaiweka mezani akasema haya mwanangu wewe ndio umesoma. Nikamwambia mama itabidi tumtafute wakili. Aliniangalia mpaka leo sijasahau.

LLM haikupi msamaha wa Law School hata siku moja. Nikaenda nikiwa na miaka 34, nakaa na watoto wa miaka 23. Jaribio la kwanza tuliambiwa tuandae notisi ya rufaa, kitu cha nusu ukurasa, mimi nikaandika insha ya haki ya kukata rufaa katika mikataba ya kimataifa. Nikapata alama ambayo siitaji. Dogo wa pembeni yangu aliandika mistari saba, akaweka na siku 30 zake za kwenda Rufani, akamaliza akatoka kwenda kunywa juisi.

Masta ni nzuri kwa anayetaka kufundisha na kutafiti, au ofisi za kimataifa. Lakini mzee anataka mtu wa kulinda mpaka wa shamba.

#33 Mangi wa Rau
Daktari hapa umeandika nusu ukurasa umeeleweka, kwa hiyo ulifundishika

#34 fundi_friji Kwa Mrombo
Jamani si Arusha tuna mahakama za dunia hapa, ile ya Afrika Mashariki, ya Haki za Binadamu, na ile ya Rwanda pale AICC, kituo cha mikutano. Dogo apige masta aingie huko anatetea kwa dola

#35 Wakili Kijiweni
Ya Rwanda ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015 mkuu, umelala miaka mingapi? Iliyobaki ni ile taasisi ya kumalizia mashauri, iko Lakilaki. Na ya Afrika Mashariki ukitaka kumsimamia mtu pale, mkataba wa jumuiya unataka uwe wakili mwenye ruhusa ya kusimama mahakama za juu za nchi mwanachama. Kwa hiyo tunarudi palepale, Law School.

#36 fundi_friji Kwa Mrombo
basi kumbe yale magari meupe niliyokua naona ni ya nani

#37 nusu_mkate
Na msisahau fildi. Hapo ndio bahati nasibu. Mimi nilipangwa ofisi moja ya mawakili, siitaji, miezi yote nilikua mtu wa fotokopi na kununua chapati. Siku moja tu nilibebeshwa mafaili kwenda mahakamani, wakili akaahirisha kesi tukarudi. Mwenzangu kapata bosi anamkalisha jioni wanapitia ushahidi wa kesi ya kesho, anamuuliza wewe ungemuuliza nini huyu shahidi. Tulitoka na cheti kimoja.

#38 Binti Kiboriloni
Chapati zilikua za kujifunza hesabu za ofisi 😂 Ila kweli, mimi nilichojifunza kwa karani wa masjala hakuna mwalimu alinifundisha.

#39 Mzee wa Maparachichi
Swali la mwisho. Akishaapishwa ndio basi? Hakuna mwaka mwingine?

#40 Wakili Kijiweni
Mzee usikasirike. Leseni ni ya mwaka, inaisha 31 Desemba, unalipia tena. Na kuhuisha unatakiwa uwe na alama za mafunzo endelevu, kwa hiyo unahudhuria semina za TLS, chama cha mawakili. Ndio maana unaona mji unajaa suti wakati wa mikutano AICC.

#41 Mzee wa Maparachichi
Yaani ng'ombe hawaishi.

#42 mwenda_kwa_boda
Sisi boda tunaipenda hiyo mikutano. Wakili anatoka AICC anasema nipeleke panapochomwa nyama vizuri, hajui bei wala hapatani

#43 usiku_wa_manane
Na alama anapewa

#44 Wakili Kijiweni
Kitu kimoja mzee, wakati anasubiri asije akaanza kuandikia watu mikataba na hati kwa malipo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Mawakili ni kosa kwa asiye na sifa kuandaa nyaraka za mali kwa hela. Vishoka wamejaa nje ya kila mahakama, wengine ni wahitimu kama yeye, njaa tu. Akikamatwa na hilo, siku anapeleka maombi kwa Jaji Mkuu litaibuliwa.

#45 Mzee wa Maparachichi
Nimewasikia. Nimerudi na habari.

Jana nilimuita nikamwambia sawa, ng'ombe mmoja anauzwa, lakini wewe ndio utaandika karatasi ya kumuuza, bure, nikuone. Mnunuzi ni mtu wa Kikwe tunafahamiana miaka. Kijana akajifungia, akatoka na kurasa nne. Kuna aya ya ugonjwa wa ng'ombe kabla ya mauzo, ugonjwa baada ya mauzo, ndama ambaye hajazaliwa ni wa nani, na ng'ombe mwenyewe kaelezewa mpaka doa la sikio la kushoto. Mnunuzi kasoma mpaka ukurasa wa pili akasema mimi nilikuja kununua ng'ombe, sio kumuoa. Kaondoka, kasema atafikiria.

Mama yake anasema mtoto ana akili. Mimi sijui nina hasira au nini.

#46 Mangi wa Rau
Mimi hapo kwenye ndama nimesimama nimepiga saluti. Kesi ya ndama nimeifanya mwenyewe Hai, ilichukua miaka

#47 Daktari asiye na sindano
Mpeleke mzee

#48 mama_wawili Njiro
Na mkopo je ulimuuliza?

#49 Mzee wa Maparachichi
Nilimuuliza. Akaangalia soda.

#50 Binti Kiboriloni
Mzee ngoja, pale mwisho wa mkataba aliandika mahali na tarehe? Na chini kabisa "imeandaliwa na" aliweka nani?

#51 Mzee wa Maparachichi
Usa River ipo, tarehe ipo. Imeandaliwa na: jina lake, Mhitimu wa Sheria.